Mtama Ndani ya Dumu la Njano

Wenzangu mtakaosoma haya, mwandiko wangu mtauvumilia. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika jembe na mwiko kuliko kalamu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Mkikuta l imekaa mahali pa r, huo ni ulimi wa nyumbani kwetu, someni tu mtaelewa. Ninaandika polepole. Ukurasa huu nimeuanza asubuhi na chai yangu imeshapoa.

Kilichonishikisha kalamu ni ndimu. Juzi nilikuwa nasafisha samaki, sato, nikakwaruza ganda la ndimu kwa kucha kabla ya kuikata. Harufu yake ikapanda, ile kali ya kijani inayofanya mate yajae mdomoni. Hapo hapo nikajiona nimesimama tena uani kwa mama mdogo, Katoro, mikono nyuma, nikimtazama anakula majani mabichi na kungoja aanguke.

Niwaeleze kwa nini nilingoja aanguke.

Nyumbani kwetu Samuye tulikuwa na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Ndiye aliyekuwa anatupa maziwa. Mwaka ule tulikuwa tumeshavuna mtama, mashina yamebaki shambani, kisha mvua ikarudi wakati ambao hatukuitegemea na mashina yakatoa majani mapya. Yalikuwa laini na ya kijani, mazuri mno kwa macho, maana pembeni yake kila kitu kilikuwa kikavu. Ng'ombe mwekundu akawaponyoka wachungaji akaingia humo. Nilikuwepo. Hakula sana. Alitoka, akasimama, miguu ikaanza kutetemeka, akapumua kwa mdomo wazi kama mtu aliyekimbia mbali, akalala. Tumbo lake likawa juu kama kilima. Baba alikuja mbio, lakini alikuta ameshakufa.

Baba alisema maneno machache tu: "Mtama mchanga. Nilisema wasipitishwe huku."

Nilikuwa mdogo, hata shule nilikuwa sijazoea. Katika maneno ya baba neno la mtama lilinipita, nikabaki na lile la uchanga. Nikaelewa kwamba kitu chochote kinachotoka ardhini, kikiwa bado kichanga, kinaua. Niliona ni jambo la kila mtu kujua, kama vile moto unavyounguza.

Baada ya hapo baba mdogo, yaani mdogo wake baba, aliomba apelekewe mtoto wa kumchangamsha mke wake. Yeye alikuwa mchimbaji, na alikuwa anahamia machimbo mapya ya mbali. Mke wake angebaki peke yake Katoro. Hawakuwa na mtoto. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu nilikuwa mkimya na sisumbui. Baba akanipa kiroba cha mtama wa shamba letu nikampe mama mdogo, kwa kuwa hakuna anayeingia kwa mtu mikono mitupu.

Mama mdogo alikuwa Msambaa wa Lushoto. Kabla ya kuolewa alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni kule milimani. Kiswahili chake kilikuwa kinateleza, changu kilikuwa kinakwama. Kwetu tulikuwa tunaongea Kisukuma tu, Kiswahili nilikisikia shuleni. Siku ya kwanza aliponiuliza kama nina njaa, nilitikisa kichwa, na nilikuwa na njaa hasa. Akanitazama kidogo, akaniwekea chakula bila kuuliza tena. Nilimpenda kuanzia pale.

Jirani zake hawakumpenda hivyo. Kwenye bomba la maji nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Yule wa Tanga, miaka yote hiyo kwenye nyumba ya mtu, hazai." Mwenzake akajibu, "Atazaa nini na majani anayokula kama mbuzi?" Wakacheka. Mimi nikajaza ndoo yangu nikarudi. Hazai, nikaliweka hilo kichwani kama mambo mengine yote niliyosikia kwa wakubwa.

Sasa hayo majani. Mama mdogo alikuwa na madumu ya njano ya mafuta ya kula, aliyoyapasua ubavuni na kuyalaza kama mitumbwi. Chini aliyatoboa kwa msumari wa moto ili maji yatoke. Ndani alitia udongo laini uliochanganywa na samadi, kisha akamwaga mbegu nyingi, zikibanana, akafunika kwa gunia bichi. Alitumia choroko, alizeti na figiri. Nilishangaa. Kwetu mbegu inapewa nafasi yake, ukibananisha unachapwa. Nikawa nainama kila asubuhi nafunua pembe ya gunia. Nilikuta ngozi za mbegu zimepasuka na vijimkia vyeupe vimetoka. Kesho yake vimesimama, vimeubeba udongo mabegani. Alizeti zilitoka zimevaa maganda yao kichwani kama kofia. Nilitega sikio nisikie kama vinapiga kelele vikikua. Nadhani nilisikia kitu, mpaka leo sijui ni nini.

Gunia likitolewa vinakuwa vya njano kama vimeumwa, jua likipiga vinageuka kijani. Nikafikiri sasa atavihamishia bustanini.

Alichukua mkasi akavikata vyote. Vikiwa na majani mawili mawili tu! Akavisuuza, akatia kiganja kizima mdomoni, akatafuna huku amefumba macho.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta.

"Unataka?" akaniuliza. "Hivi kwetu kule tunaviita vichipukizi. Wageni walikuwa wanavifuata toka mbali."

Nikatikisa kichwa. Nikatazama miguu yake kama inatetemeka. Haikutetemeka. Alichukua bakuli, akakatakata tango na nyanya, akakwangua karoti, akavitia vichipukizi juu, akamwagia karanga zilizokaangwa. Halafu akakamua ndimu na chungwa kwenye chupa iliyokuwa ya jemu, akatia mafuta ya alizeti, asali kidogo, chumvi na pilipili manga, akafunga kifuniko akatikisa. Maji ya ndimu na mafuta, ambavyo vilikuwa vimetengana, vikashikana vikawa kitu kizito chenye rangi ya mawingu. Akamimina. Akala bakuli lote, hata lile rojo lililobaki chini akalinywa.

Hakufa. Hilo lilinipa kazi ya kufikiri.

Nilifikiri hivi. Mama mdogo anapaka ndimu kwenye samaki ili kukata shombo. Kwa hiyo ndimu inaweza kukata vitu. Huenda inakata na ile sumu. Nikaridhika, lakini si sana, kwa sababu wakati anakatakata alikuwa anadonoa majani matupu kabla hajayamwagia ndimu. Kila akidonoa, natazama miguu yake. Nikajiambia basi mtu anakula kidogo kuliko ng'ombe, atachelewa tu.

Ningeweza kumwambia. Nimejiuliza sana kwa nini sikumwambia. Kwanza maneno ya Kiswahili yalikuwa machache na yalinikimbia nilipofungua mdomo. Lakini kubwa zaidi ni kwamba kwetu huwezi kumwambia mtu kuwa chakula chake kinaua. Hata mtoto anajua uzito wa maneno hayo. Watu wanafukuzwa kijijini kwa maneno hayo. Na mimi nilikuwa sitaki mama mdogo afukuzwe, nilikuwa nataka aishi.

Kisha akaanza kuvimba.

Mtu mwingine asingeona. Alikuwa anavaa dera pana, lakini mimi nilikuwa namwangalia kuliko mtu yeyote Katoro nzima. Aliponyanyua mikono kuanika nguo niliona. Alipokaa kwenye kigoda niliona anajishika kiuno. Asubuhi nyingine alitapika nyuma ya choo, akarudi akauma ndimu nzima na ganda lake kama mtu anayekula embe. Nikajua anajitibu kwa siri. Ameshajua kuwa majani yanamuua na bado hawezi kuyaacha. Mimba haikunijia akilini hata kidogo. Kwenye bomba walishasema hazai.

Nikaamua kuhakikisha. Jirani yetu Mzee Masanja, aliyekuwa na kibanda cha supu, alikuwa na mbuzi wengi, na mmoja mweusi alikuwa anapenda kuingiza kichwa kwenye wigo wetu. Nikamkatia vichipukizi vya choroko nikampa, bila ndimu. Alikula vyote na kunilamba vidole. Nikakaa naye mpaka jua linazama. Hakutetemeka. Nikalala kwa amani.

Asubuhi nikakimbilia wigoni. Mbuzi mweusi hayupo. Nikachungulia huku na huku, wenzake wote wapo, yeye hayupo. Nikakaa chini pale pale. Kwa hiyo sumu inachelewa, nikasema. Inampa mtu usiku mmoja, au siku nyingi kwa kadiri ya ukubwa wake.

Mzee Masanja akapita na ndoo. "Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Mbona umekaa kwenye umande?"

"Mbuzi mweusi kafa?"

"Eeh, kafa!" akasema akicheka. "Mwambie mama yako alete bakuli, supu ya leo ni tamu."

Mtu anawauzia watu mbuzi aliyekufa kwa majani, na anacheka. Siku ile nzima nilihesabu wateja wanaoingia kibandani na kuangalia kama wanatoka. Walitoka wakichokonoa meno. Kichwa changu kilichoka.

Wiki hiyo hiyo mbegu za mama mdogo zikapungua. Baba mdogo alikuwa ametuma ujumbe kuwa Jumapili atafika, baada ya kukaa miezi minne machimboni, na mama mdogo alitaka kumwandalia mezani kitu cha Lushoto. Akatazama kile kiroba changu pembeni ya kabati. "Mbona tunayo mbegu hapa," akasema. Akatwaa mtama wa shamba letu, akaumwaga kwenye dumu la njano.

Ukatoka haraka kuliko vyote. Ulisimama wima, mwembamba, wa kijani mbichi kabisa, matone ya maji yamekaa kwenye ncha. Haya sasa ndiyo yalikuwa majani yenyewe. Yalikuwa majani yale yale, ya shamba lile lile. Nilipoyaona niliona na paji la uso lenye baka jeupe.

Jumapili baba mdogo akafika, vumbi mpaka kwenye kope. Akaoga, akavaa shati safi, akakaa kwenye mkeka uani. Mama mdogo alivaa dera jipya na macho yake yalikuwa yanang'aa, kila mara anataka kusema kitu halafu anaacha. Akakata vichipukizi vya madumu yote isipokuwa vile vya choroko ambavyo vilikuwa bado vifupi. Alizeti, figiri, mtama, vyote akavitia kwenye sinia kubwa akavichanganya kwa vidole na parachichi na nyanya. Ncha moja ya mtama akaiweka mdomoni kuonja.

"Huu una utamu wa miwa," akasema. Kisha akanipa chupa. "Tikisa mwanangu, mpaka ishikane, tule."

Nikatikisa. Nilijua kuwa nikiacha tu kutikisa, chakula kitaliwa. Kwa hiyo sikuacha. Ikashikana, ikawa nzito, mimi naendelea.

"Inatosha," akasema mama mdogo.

Nikaendelea.

"Mwanangu, inatosha. Utaitoa roho hiyo chupa."

"Mwache," baba mdogo akasema. "Labda anasikia baridi." Akanyoosha mkono kwenye sinia.

Nikasema. Sauti ilitoka kubwa, mpaka na mimi nilishtuka. Nilianza kwa Kiswahili nikamalizia kwa Kisukuma, sikujali tena.

"Ng'ombe wetu alikula hii! Ng'ombe mwekundu. Alikula mtama mchanga, akavimba, akafa. Na mbuzi wa Mzee Masanja alikula choroko, akafa. Na mama mdogo anakula kila siku, anavimba!"

Mkono wa baba mdogo ukabaki hewani. Kisha akauteremsha polepole, akachambua kwenye sinia, akatoa jani moja jembamba. Akalivunja, akalinusa.

"Huu ni mtama?" akamuuliza mkewe.

"Si ule wa kaka yako? Nimeuotesha. Umetoka mzuri mno."

"Umekula?"

"Nimeonja ncha tu, sasa hivi. Kwani vipi?"

Baba mdogo akalisukuma sinia mpaka mwisho wa mkeka. "Tema mate. Kunywa maji. Ncha moja tu, una hakika?" Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. "Sisi tumekua na ng'ombe," baba mdogo akasema. "Mtama wa kimo hiki hata mbuzi hatumfungi karibu yake. Huyu mtoto anasema kweli."

"Lakini ugali wake si mnakula?"

"Punje tunakula. Ukikomaa, mabua ng'ombe wanakula. Ubaya wake uko hapo katikati."

"Kwa nini?"

"Sijui. Baba alituambia hivyo, na baba yake alimwambia yeye."

"Na hizi choroko zangu? Alizeti? Nimekula toka niko msichana."

"Hizo sijawahi kusikia ubaya wake," akasema. Halafu akanigeukia. "Na mbuzi wa Masanja, mayu, huyo alikufa kwa kisu. Anachinja kila siku kwa ajili ya supu. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Walianza kucheka wote wawili, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Mara baba mdogo akaacha kucheka. Alikuwa amekumbuka neno la mwisho nililosema.

"Anavimba?" akauliza.

Mama mdogo akatazama mkeka. Akavuta dera kwa mkono mmoja, likakaza tumboni, na kile kilima kidogo nilichokichunga siku zote kikaonekana wazi kwa mtu mwingine.

"Nilitaka nikwambie leo, tukishakula," akasema. "Niliogopa kuisema mapema."

Baba mdogo akainuka. Alichukua lile sinia akaenda kulimwaga shimoni na kufukia kwa miguu, akakanyaga, akakanyaga, hata pale palipokwisha kuwa bapa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na alisema ni vumbi.

Mimi bado nilikuwa nimeshika chupa. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba hafi, na kwamba kilichokuwa tumboni mwake kilikuwa kitu cha kumtoa mtu mzima machozi ya furaha. Mama mdogo akakata zile choroko zilizobaki, fupi fupi hivyo hivyo, akazitia kwenye bakuli dogo na tango. Akaliweka mbele yangu. Akanipa heshima ambayo sikuwahi kupewa na mtu mzima.

"Tule?" akaniuliza.

Nikainama, nikachambua jani moja moja. Nikanusa. Nilichelewa makusudi kidogo, maana niliona wananingoja. "Tule," nikasema.

Nikamimina rojo la ndimu na kula wa kwanza. Choroko zilivunjika kwenye meno na kutoa maji yenye ladha ya maharage mabichi na mvua. Kisha ndimu ikaniuma pembeni ya ulimi, chungwa likaja nyuma yake likiniomba radhi, asali ikafika mwisho. Nilishangaa kwamba kitu ambacho kilikuwa kinaniogopesha namna ile kilikuwa na ladha ya asubuhi. Nikaomba tena. Hilo nalo nililisema kwa sauti.

Tangu siku ile hakuna majani yaliyoliwa katika nyumba ile kabla sijaulizwa. Hata mtoto alipozaliwa, msichana mwenye sauti kubwa, mama mdogo akimnyonyesha kwa mkono mmoja na kushika mkasi kwa mkono mwingine, aliniuliza, "Tule?" Wale wanawake wa bombani walikuja kumwona mtoto. Wakapewa saladi. Mmoja aliuliza kama ndiyo iliyomfanya azae, akafunga na mbegu za alizeti kwenye pembe ya kanga.

Siku hizi wote wako Lushoto. Mimi nilirudi Samuye. Nina madumu mawili ya njano nyuma ya nyumba, na jirani zangu wananiuliza kama nimeanza kufuga sungura. Mtama nimeupanda shambani, mbali, na ukiwa mchanga napita pembeni yake kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Mara moja moja simu inalia wakati wa kula, nasikia sauti ya yule mtoto, sasa msichana wa shule, amefundishwa na mama yake. Hata salamu haanzi nazo. "Dada, tule?" Namwambia anitajie kwanza kuna nini kwenye sahani. Anataja moja moja. Namwambia tule.

Mpaka leo sijapata wa kunieleza vizuri. Punje ni chakula, mmea mkubwa ni chakula, hapo katikati pana nini? Huenda mmoja wenu anajua. Basi niandikieni. Hata kama hamjui, niambieni kwenu mnakula majani gani yakiwa machanga, na yapi mliambiwa msiguse, na nani aliwaambia. Msihangaike na mwandiko, mmeshauona wangu. Nitasoma polepole kama ninavyoandika, na nitawajibu.